Mluzi Uliponyamaza

Sista Hedwiga aliingia darasani amekumbatia fungu la majani ya boga. Wanafunzi wake, wahudumu wa wodi waliokuwa wameshinda wakipiga deki na kumwaga mabeseni ya wagonjwa, walidhani amepitia sokoni kununua mboga ya jioni. Kumbe sivyo. Alikata majani akayatupa pembeni, akabaki na mabua yenye uwazi katikati, akamgawia kila mtu bua lake.

"Nani aliwahi kuchezea haya utotoni?"

"Sote, Sista," akajibu Anande. "Yalikuwa tarumbeta zetu."

"Basi leo rudini utotoni. Pulizeni."

Wakapuliza. Hewa ikapita bila taabu, ikatokea upande wa pili.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya zamani nyuma ya hospitali, na vitanda vibovu vilikuwa bado vimerundikwa ukutani. Sista Hedwiga alikuwa mstaafu aliyefundisha wauguzi miaka mingi, na sasa alijitolea kuwaandaa wahudumu waliotaka kwenda kusomea uuguzi. Anande ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Alikuwa amevuka arobaini, ana binti aliyemaliza kidato cha nne, na kila jioni kabla ya kufungua mkoba wake aliinamisha kichwa akaomba, "Bwana, nifungulie akili." Vijana walimcheka mwanzoni, baadaye wakaanza kumsubiri amalize ndipo wafungue ya kwao.

"Mmeona mti wa kahawa uliong'olewa ukapinduliwa mizizi juu?" akaendelea Sista Hedwiga. "Ndivyo mapafu yalivyo. Shina liko juu, matawi yanashuka, yanagawanyika mpaka vijiti vyembamba kabisa. Mwisho wa kila kijiti kuna vifuko. Humo ndimo hewa safi inaingia kwenye damu na hewa chafu inatoka. Sasa mgonjwa wa kichomi, vifuko vyake vinajaa majimaji. Wa kifua kikuu, nyama ya pafu lenyewe inaliwa. Wa pumu, ugonjwa uko kwenye matawi. Misuli inakaza, ukuta unavimba, ute unakuwa mzito. Kuvuta hewa ni kazi, kuitoa ni kazi zaidi. Bana bua lako kidogo, upulize tena."

Darasa zima likapiga mluzi. Watu wakacheka.

"Bana zaidi."

Mluzi ukawa mwembamba, wa kuumiza masikio.

"Sasa bana mpaka mwisho."

Wakabana, wakatunisha mashavu, na stoo ikawa kimya.

"Kelele zimeisha," akasema Sista Hedwiga. "Bua limepona?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Hewa haipiti," akasema Anande.

"Basi shikeni hilo. Mgonjwa wa pumu anayepiga mluzi, mkimbilie. Aliyenyamaza huku mabega yanapanda na kushuka, huyo mkimbilie zaidi. Kimya chake si nafuu."

Kijana mmoja akanyoosha mkono kuuliza kama pumu inapona. Sista Hedwiga akajibu kwamba wapo watoto inaowaacha wakikua, na wapo wanaozeeka nayo, dawa yao mfukoni, wanalima, wanazaa, wanaimba kwaya. Jirani wa Anande akamgusa kwa kiwiko.

"Ya kwenu si ilipona, Mama Brightness?"

"Ilipona kwa jina la Yesu," akajibu Anande upesi, kama mtu aliyeitwa jina lake asubuhi shuleni.

Bua lake alilitia kwenye mkoba, akaenda nalo nyumbani kwake, mtaa wa Sokon One.

* * *

Alipofika, mluzi ulimpokea mlangoni. Brightness alikuwa ameinama juu ya jiko la mkaa akigeuza ndizi, na kila alipotoa pumzi kifua chake kililia kama kitoto cha paka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toka kwenye moshi huo. Umeomba leo?"

"Nimeomba."

"Na umeukataa ugonjwa?"

"Nimeukataa, mama. Ni baridi tu."

Ni kweli Julai ilikuwa imefika na baridi yake. Mlima Meru haukuonekana kwa wiki nzima, umejifunika ukungu kama mgonjwa aliyejifunika blanketi. Lakini haikuwa baridi peke yake. Tangu kiwanda alichofanyia kazi kilipouzwa na wafanyakazi kurudishwa nyumbani, Philemoni, mume wa Anande, aliingia kwenye biashara ya mitumba. Msimu ule aliagiza makoti, na kwa kuwa hawakuwa na stoo, marobota yalilala chumbani kwa Brightness. Moja lilifunguliwa juzi. Vumbi lake lilikuwa na harufu ya dawa ya nondo na kabati za watu wasiowajua.

Philemoni alikuwa ameketi kwenye kochi akishona vifungo.

"Mama Brightness," akasema bila kuinua macho, "mtoto anabanwa."

"Ni mafua."

"Mafua hayalii hivyo. Twende dukani tumnunulie dawa ya kuvuta."

"Unajua niliiweka wapi ile nyingine."

Alijua. Usharika mzima ulijua. Siku ya Pasaka, kwenye mkutano wa injili, Brightness aliombewa mbele ya watu na kifua chake kikafunguka palepale. Anande, huku machozi yakimtoka, alichukua kichupa cha bluu cha dawa ya kuvuta akakiweka mezani mbele ya Mwinjilisti Eliamini, pamoja na mikongojo na hirizi za watu wengine. Jumapili iliyofuata alitoa ushuhuda kanisani. Mwinjilisti akaubeba ushuhuda ule mpaka sharika za jirani. Mama mmoja alitoka Akheri na mtoto mgongoni, akaja kumwomba Anande amwekee mikono. Hakuna aliyekuwa amewahi kutoka mbali hivyo kumfuata yeye, mpiga deki.

"Nikimpa dawa leo," akasema, "kesho watu wataniuliza niliposimama pale mbele nilisema nini."

"Waambie ulisema kweli. Siku ile alipata nafuu. Leo amebanwa."

"Wewe unarahisisha."

"Mimi nauza makoti," akasema Philemoni. "Naona watu wakisikia baridi, wananunua. Hawaniulizi kama jana kulikuwa na jua."

Anande alikwenda chumbani, akapiga magoti kitandani, akaomba kwa muda mrefu. Aliomba kwa moyo wake wote, na hilo lisitiliwe shaka. Ila katikati ya maombi alikuwa akisikia mluzi kupitia ukuta, na alijikuta akiomba usisikike kwa majirani.

Jambo moja lilimpa moyo. Kila Brightness alipokwenda kumsaidia baba yake kuuza, alirudi amechangamka, kifua chepesi. Anande aliona ni dalili njema. Mungu anamshika mtoto akiwa kazini.

* * *

Jumamosi ilikuwa zamu yao kupokea jumuiya ya mtaa nyumbani. Brightness alibaki kufagia na kupika chai. Anande akampelekea Philemoni uji kwenye meza yake ya biashara, nje kidogo ya soko la Kilombero.

"Nisaidie kukaa," akasema Philemoni, "niende msalani, halafu nipite kumwona fundi cherehani."

Haukupita muda, akaja mteja. Alikuwa Mwarusha mrefu, mpana, amevaa gambuti na sweta la kijani la walinzi wa msitu, limechanika viwiko. Alipita makoti yote ya mbele, akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye koti la kahawia lililotundikwa nyuma kabisa, kubwa kama hema.

"Mama, hili lilikuwa la Mzungu au la ndovu?"

"Lilikuwa la mtu mwenye mwili wa heshima kama wewe."

Akacheka, akalivaa. Likamkaa kana kwamba alipimwa.

"Natoka Olmotonyi. Huko baridi inauma mpaka kwenye meno. Wiki iliyopita nilimuuliza bwana wa hapa, akanitajia bei ya ng'ombe. Nikamwambia sitaki na mkia."

Anande aliijua bei ile. Mara nyingi alimsikia mumewe akiwatajia watu, wakaondoka wakiguna, na kila mara alisikitika moyoni kwamba kiwandani hawakumfundisha biashara.

"Huyo ni mwenye mali, mimi ni mwenye nyumba," akasema. "Toa ya kwako."

Wakavutana kidogo, yule mtu akajifanya anaondoka, Anande akajifanya hajali, wakakutana katikati. Akazipokea noti, akazifunga kwenye pindo la kanga yake. Mteja akaondoka na koti mwilini, mikono ikining'inia, anatembea kama mtu aliyepewa cheo.

Philemoni aliporudi, Anande alikuwa anatabasamu.

"Njoo ujifunze kuuza. Lile likoti lako lililooza ukutani, limekwenda."

"Koti gani?"

"La kahawia."

Philemoni alikwenda mpaka kwenye msumari lilipotundikwa, akaushika, kana kwamba koti lingeweza kuwa limejificha nyuma yake.

"Amekwenda upande gani?"

"Si ameshaondoka. Kwani nini? Nimekosea bei?"

"Hukukosea bei," akasema Philemoni. Akakaa kwenye stuli, akaushika uji, hakuunywa.

* * *

Jioni ile jumuiya ilikuwa haijafika Philemoni alipofunga biashara mapema na kurudi nyumbani. Alimkuta Anande anapanga vikombe. Chumbani Brightness alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viganja vimeegemezwa magotini, akihema. Mluzi ulisikika mpaka uani.

"Baba," Brightness akauliza kwa maneno ya kukatika, "umekuja... na koti?"

Philemoni akatikisa kichwa. Brightness akafumba macho.

"Koti la nini?" Anande akauliza kutoka mlangoni. "Nyinyi mna nini na hilo koti?"

Mumewe akamvuta pembeni. Akamweleza kwa sauti ya chini, bila kujitetea. Alinunua dawa nyingine ya kuvuta mwezi Mei. Aliiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti la kahawia, akalitajia bei ya kufukuza watu ili lisiuzwe. Mtoto alipokwenda sokoni alikuwa anavuta humo, nyuma ya makoti.

Anande akasimama na kikombe mkononi.

"Kwa hiyo kila aliporudi mzima..."

"Ndiyo."

"Mmenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu."

"Tumekuficha ili usiumie," akasema Philemoni. "Na tumekosea. Lakini hilo tutagombana baadaye. Twende hospitali sasa hivi."

"Hodi humu," ikaitwa nje. "Bwana Yesu asifiwe."

Jumuiya ilikuwa imefika. Mbele alikuwa Mama Hope, mshika nyimbo, mwanamke mnene mwenye sauti iliyoweza kuvuka bonde. Nyuma yake Mwinjilisti Eliamini na Biblia yake ya zipu, kisha akina mama wengine na wazee wawili watatu. Wakaingia, wakaketi, na kabla chai haijamiminwa kila mtu alikuwa ameusikia mluzi.

"Nani huyo?" akauliza Mama Hope, ingawa alijua.

Anande alitaka kusema, "Tunakwenda hospitali." Maneno yalikuwa mdomoni. Akawatazama, wote waliokuwa wamempigia makofi siku ile ya Pasaka. Akasema, "Ni Brightness. Mnisaidie kuomba kidogo."

Wakaingia chumbani, wakasimama kati ya kitanda na marobota, wengine wakibaki mlangoni. Mama Hope akaweka kiganja juu ya kichwa cha binti. Wakaomba wote kwa pamoja, kila mtu kwa sauti yake. Anande naye aliomba, machozi yakimdondoka. Philemoni alikuwa ametoka nje kutafuta gari.

Kisha, pole pole, mluzi ukafifia. Ukawa uzi. Ukakatika.

"Asante Yesu," akasema Mama Hope. Wengine wakaitikia. Mtu akaanza kupiga makofi, na wimbo wa shukrani ukainuliwa.

Anande aliimba mstari wa kwanza. Ilimjia raha kubwa, kama mtu aliyeshusha ndoo kichwani. Akafumbua macho amtazame mwanawe.

Brightness hakuwa akiimba. Mdomo ulikuwa wazi. Kifua kilikuwa kimejaa juu, kama cha mtu aliyevuta hewa akasahau kuitoa. Mabega yalipanda, yakashuka, yakapanda, na shimo dogo juu ya mfupa wa shingo lilikuwa likizama kila mara. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Alijaribu kumwambia mama yake neno, neno halikuwa na hewa ya kulibeba.

Anande akapiga magoti, akaweka sikio mgongoni kwa binti yake. Akasikiliza upande mmoja, akasikiliza na wa pili. Hakusikia chochote isipokuwa moyo ukikimbia. Akaliona akilini bua la boga kati ya vidole vyake, limebanwa mpaka mwisho.

"Nyamazeni," akasema.

Wimbo ukaendelea.

"Nimesema nyamazeni. Hajapona. Hewa haipiti."

"Mama Brightness," akasema Mama Hope kwa upole, "usikiri hivyo. Sisi wote tumesikia mluzi umeacha."

"Umeacha kwa sababu hakuna hewa ya kulia. Nipisheni."

Alimtia Brightness mkono kwapani, akamwinua. Kwa sekunde chache hakuna aliyesogea. Mlango ulikuwa umejaa watu, na watu wale walikuwa wakimtazama kana kwamba amevunja chombo cha kanisani. Ndipo Mwinjilisti Eliamini akaweka Biblia kwapani, akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo.

"Pikapu ya usharika iko hapo nje," akasema. "Mbebeni mwenzenu. Mama Hope, shika miguu."

Mama Hope akashika miguu.

* * *

Hospitali ilikuwa ileile aliyofanyia kazi Anande. Walimwingiza Brightness ndani mbiombio, na yeye, aliyekuwa akipita milango ile kila siku na ndoo yake, akaambiwa asubiri kwenye benchi kama watu wengine. Siku hizo kuchangia gharama za matibabu kulikuwa kumeanza, na dirisha la malipo lilikuwa na foleni. Philemoni, aliyerudi bila gari na kupanda nao pikapu, alijipapasa mifukoni. Anande akafungua pindo la kanga, akampa zile noti za koti, zote, bila kumtazama.

Muuguzi wa zamu alitoka na karatasi. Alimfahamu.

"Mama Brightness, kumbe ni wako? Dawa yake ya kuvuta iko wapi? Daktari anauliza ametumia mara ngapi leo."

"Hajatumia," akasema Anande.

"Hana?"

"Anayo," akasema Philemoni. "Ila iko Olmotonyi, kwenye koti la mtu."

Muuguzi akamtazama, akaona hatanii, akarudi ndani.

Baadaye daktari alitoka. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mmemleta akiwa amechoka sana. Angekaa kidogo tu nyumbani, tungekuwa tunazungumza mengine. Nani aliamua mje?"

"Mama yake," akasema Mwinjilisti Eliamini, aliyekuwa amesimama muda wote karibu na ukuta.

"Mimi ndiye niliyemchelewesha," akasema Anande.

Daktari akawaruhusu waingie mmoja mmoja.

Brightness alikuwa ameegemezwa kwenye mito, barakoa ya oksijeni usoni, dawa ikisukumwa taratibu mshipani. Anande akaketi kando, akaushika mkono wake uliokuwa wa baridi. Kifua bado kilikuwa kimya. Alijaribu kuomba, maneno hayakuja. Akasema tu, "Bwana." Akasema tena, "Bwana."

Mara akasikia. Ulianza mbali, mwembamba, kama uzi wa kitambaa unavyochanika. Halafu ukawa mluzi. Halafu ukawa mluzi mnene wenye makohozi, upande huu na upande ule, mbaya kuusikia. Muuguzi akaweka kipimo chake kifuani, akatingisha kichwa kwa kuridhika.

"Inafunguka," akasema.

Miezi yote Anande alikuwa ameomba mluzi ule ukome. Aliinama juu ya kitanda, paji la uso kwenye shuka ambalo huenda alilifua mwenyewe, akamshukuru Mungu kwa kuurudisha.

* * *

Jumatano jumuiya ilikuja kutoa pole. Brightness alikuwa amerudi nyumbani, amekonda shingo, anakunywa vidonge. Marobota yalikuwa yamehamia chumbani kwa wazazi, na Anande na mumewe walilala wakiwa wamebanana kama wageni wa msibani. Dawa ya kuvuta ilikuwa bado haijapatikana. Duka liliishiwa, wakaambiwa warudi Ijumaa.

Watu waliketi, wakanywa chai, wakasema pole. Kisha maneno yakaanza kuzunguka.

"Tusiseme imerudi," akasema Mama Hope. "Tuseme adui alijaribu."

"Au labda humu ndani kulikuwa na mlango ulioachwa wazi," akasema mama mwingine, akimtazama Brightness pembeni mwa jicho. "Imani ikipungua kidogo tu."

Brightness akatazama vidole vyake. Philemoni akakohoa. Mwinjilisti Eliamini akazungusha kikombe.

"Jumapili wataniuliza," akasema. "Na ule ushuhuda niliupeleka mbali. Mama Brightness, sijui niseme nini."

Kabla Anande hajajibu, mlango ukabishwa. Aliyeingia ilibidi ainame. Lilikuwa koti la kahawia, na ndani yake yule mlinzi wa msitu.

"Bwana asifiwe. Naitwa Saruni. Wenzenu wa sokoni wamenielekeza." Akavua kofia, akaona watu ni wengi, akasitasita. "Samahani kwa kuingilia ibada. Nimenunua koti hapa kwenu. Sasa binti yangu Namnyaki ameingiza mkono mfukoni akatoa kitu. Siku mbili anakipuliza, analalamika kwamba ni filimbi mbovu. Mke wangu amekitazama, akasema hii ni dawa ya mtu, rudisha, huenda mwenyewe anahangaika."

Akafungua kiganja. Kichupa cha bluu kilionekana kidogo sana katika mkono ule.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu aliyekuwapo siku ya Pasaka alikifahamu kifaa cha namna ile. Macho yalikwenda kwa Philemoni, yakaenda kwa Brightness, yakatua kwa Anande.

Philemoni akaanza kuinuka. "Hicho ni cha..."

"Ni cha binti yangu," akasema Anande. Alikuwa amesimama kabla yake. "Baba yake alimnunulia, mimi nikaliuza koti. Asante sana, baba. Umetembea mbali. Karibu ukae, unywe chai."

Alikipokea kwa mikono miwili. Akakipeleka jikoni, akaosha mdomo wake kwa maji ya moto, akaufuta kwa kitambaa safi, kama alivyofundishwa kuosha vyombo vya wagonjwa. Akarudi walipoketi watu. Kifua cha Brightness kilisikika, mluzi mdogo tu, wa kawaida wa jioni.

"Chukua, mwanangu."

Brightness akawatazama watu. "Hapa, mama?"

"Hapahapa. Mambo ya nyuma ya makoti yamekwisha."

Brightness akakitikisa kichupa. Akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo, akaweka mdomo, akabonyeza, akavuta taratibu mpaka mwisho, akaishikilia. Chumba kizima kikashikilia naye. Saruni alikuwa na kikombe mkononi, hakukigusa. Mama Hope alikuwa amefungua kitabu cha nyimbo, kidole kwenye ukurasa, anasubiri. Brightness akaachia. Akapumzika kidogo, akavuta mara ya pili.

"Mwinjilisti," akasema Anande, "Jumapili usiseme chochote. Nitasimama mimi. Nilisema kifua kilifunguka Pasaka, na kweli kilifunguka. Nitasema na yaliyofuata."

Mwinjilisti Eliamini akawaza kidogo. "Nitakupa nafasi kabla ya mahubiri," akasema. "Sasa utuombee."

Anande hakuzoea kuomba mbele yake. Akainamisha kichwa kama anavyofanya darasani.

"Bwana, asante kwa pumzi. Asante kwa dawa, na kwa mtu aliyeirudisha. Amina."

"Amina," wakasema, mmoja mmoja, Mama Hope wa mwisho. Akajikohoza, akakiinua kitabu, akafungua kinywa kuanza wimbo. Kisha akakifunga, akamgeukia Brightness.

"Wewe unayetusaidia sauti ya pili," akasema. "Tuanzie juu au tuanzie chini?"

Brightness akavuta hewa, akaisikiliza ikishuka.

"Juu," akasema.